Kidumu cha Bibi Mizani

Mwenzangu unayeishi na mke, watoto, shemeji na mama mkwe chini ya bati moja, wewe utanielewa. Hapa Singida mjini kidumu cha lita tano cha mafuta ya alizeti si kitu cha kupotea hivi hivi. Mama mkwe alikileta mwenyewe kutoka Ikungi. Alizeti ni ya shamba lake, ilikamuliwa yeye akiwa amesimama pale pale mashineni, na kidumu akakiweka jikoni nyuma ya gunia la vitunguu. Jumatatu asubuhi hakipo.

Mama mkwe tunamwita Bibi Mizani kwa sababu kila kitu hukipima kwa mkono. Mpe kuku, atamnyanyua mara moja na kukutajia kilo. Wajukuu wakirudi kutoka shule ya bweni huwashika kiunoni, akawainua, akatangaza nani amekonda. Basi kwa siku tatu alitupima sisi kwa macho, mmoja mmoja, huku tukila mchicha chukuchuku. Mama Watoto alipika akiwa kimya kabisa. Kimya kile ningekitilia maanani mapema, tungeokoa nauli.

Jumatano usiku shemeji yangu mdogo alikuwa uani analia kwenye simu. Mwanangu Profesa, mwenye miaka kumi na miwili, amembatiza Kifurushi, maana haipiti siku bila yeye kununua kifurushi cha simu. Nikamsikia: "Kumbe ana kidumu! Na kidumu chenyewe kiko hapo hapo Kibaoni, kinatunzwa kwa hela zangu!"

Dirisha la Bibi Mizani lilikuwa wazi.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu maneno haya, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili na yananigusa. Mwaka 2006 watafiti Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha kazi yao kuhusu lugha ya mitaani ya Tanzania, wakiwa wamekusanya maneno zaidi ya elfu moja. Mimi nikiyasikiliza yale ya mapenzi naona kama vijana wameyaokota uani kwetu. Kidumu ni mpenzi wa akiba. Buzi ni mbuzi mkubwa, lakini anayechunwa ni mwanamume mwenye pesa. Mzinga kwa watu wa Manyoni na Itigi ni nyumba ya nyuki. Mjini ukipigwa mzinga umeombwa hela. Kuchepuka ni kuiacha barabara, ndiyo maana kampeni za Ukimwi zilituasa tubaki njia kuu kwa kuwa michepuko si dili. Na fataki, tangu matangazo ya redio yaliyoanza 2008, ni mtu mzima anayewawinda mabinti wa shule. Neno hilo nalishukuru kwa dhati. Lilimpa binti namna ya kumtaja mtu ambaye zamani hakutajika.

Kudanga, ambako mitaani ni kutafuta wanaume wa kukupa hela, ndiko kulikotuletea aibu. Kwenye kamusi, kudanga ni kuteka maji yanayotoka kidogo kidogo, na Bibi Mizani amedanga maji kwenye mchanga wa korongo utoto wake wote. Siku Profesa aliposema binti wa jirani ni mdangaji, bibi yake alivuka uzio na kumpongeza yule binti mbele ya mama yake mzazi: "Hongera, mwanangu, nasikia unadanga. Mabinti wengine siku hizi wavivu." Mama Watoto alikwenda kuomba radhi na trei ya mayai.

Sasa Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wangu ukagongwa.

"Baba, amka. Twende Kibaoni tukachukue kidumu changu."

"Mama, shikamoo. Lakini hicho kidumu..."

"Marahaba. Vaa viatu."

Mkwe wako akikuambia vaa viatu, unavaa. Tukapanda bajaji, yeye na fimbo yake, mimi na maelezo yangu ambayo hayakupata nafasi. Kijana wa Kifurushi tulimkuta anafungua kibanda chake cha vifaa vya simu. Pembeni alisimama binti na chupa ya chai.

"Kijana, nataka kidumu," akasema Bibi Mizani.

Kijana aliitambua sura ya Kifurushi kwenye sura ya mama yake. Akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Kidumu nimeshakiacha."

"Umekiacha wapi?"

"Nimekiacha tangu jana, naapa. Sikirudii."

"Kilikuwa kimejaa au ulishakimimina?"

Yule binti akaiweka chupa chini taratibu. "Kidumu ni mimi?" akauliza. Hakungoja jibu. Aliondoka akiwa anafuta macho kwa ncha ya khanga, na moyo wangu ulimfuata, maana naye alikuwa ameambiwa kwamba yuko peke yake. Mama mkwe akaniuliza kwa nini yule mtoto analia kwa ajili ya mafuta ya watu.

Nilimweleza ndani ya bajaji. Alinyamaza mpaka nyumbani.

Mafuta? Mama Watoto aliyatuma Jumapili usiku kwa basi, yaende kwa dada yake huko Dar es Salaam, akaogopa kusema. Alikiri alipotuona tunarudi mikono mitupu. Kesi ile ilifutwa hapo hapo, kwa kuwa yalikwenda kwa mtoto wa Bibi Mizani mwenyewe. Siku tatu zetu za mchicha hazikujadiliwa.

La Kifurushi lilikuwa zito zaidi. Hununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwauza stendi, na faida ya miezi minne, shilingi 180,000, ilikuwa imeishia kwenye kile kibanda. Wiki mbili kabla alisema mezani, "Leo tena amenipiga mzinga." Bibi Mizani aliuliza kama nyuki wake ni wakali. Mimi neno nililielewa vizuri, nikalichukulia kuwa ni maongezi ya vijana, nikaomba chumvi. Mtoto wa watu alikuwa anatuambia kila siku, na Kiswahili chake nilikijua. Hilo silisahau.

Jioni Bibi Mizani alimketisha binti yake kwenye mkeka, akamshika kifundo cha mkono, akakiinua. "Umepungua kilo mbili," akasema, akamwongezea ugali. Kisha akataka kufundishwa.

"Mtu akiachwa kwa ajili ya mwingine, ndiyo mnasema nini?"

"Amepigwa kibuti, mama."

"Na leo wewe ulipomwambia asikupigie simu tena?"

"Nimempiga chini."

Bibi Mizani aliacha kumega tonge. Alitazama nje, kwenye yale mawe makubwa ya mji wetu, akamgeukia mwanawe kwa wasiwasi wa kweli. "Chini kwenye mawe, au kwenye mchanga?"

Kifurushi akacheka mpaka akalala kwenye mkeka, na mama yake akawa bado anangoja jibu.