Chura wa Mpingo

Mtae hakuna ziwa. Kuna ukingo wa mlima na chini kabisa, mbali, tambarare ya Mkomazi. Kwa hiyo seremala mmoja wa hapo alipotangaza kwamba anajifunza kuvua kwa chambo cha kuelea, majirani walimuuliza kama anakwenda kuvua mawingu.

Chanzo ni shemeji yake, mwendesha mashua wa Naivasha, Kenya. Ziwani humo yumo besi, samaki wa Kimarekani mwenye mdomo mpana, aliyepandikizwa mwaka 1929. Akiona kitu kinatapatapa juu ya maji, hukirukia, hata kikiwa kijiti. Huko Michigan, James Heddon alikuwa akimchongea vyura wa mbao kabla karne ya 19 haijaisha. Shemeji alipomsimulia hayo, seremala alisikia neno "kuchonga," hakusikia lingine.

Chura wa kwanza alimchonga kwa kipande cha mpingo alichokitunza miaka mingi. Alimpiga msasa hadi akang'aa, akamchimba mdomo kama kijiko, maana mdomo wa namna hiyo ukivutwa husukuma maji na kulia "pwa!" Akamtia kwenye beseni la mkewe. Chura akazama kama nati. Mpingo ni mzito kuliko maji, na seremala alilijua hilo tangu alipokuwa mwanagenzi.

Wa pili alikuwa wa mwerezi, akaelea. Huyo alipakwa rangi siku mbili: mgongo kijani, mistari ya dhahabu, macho mekundu. Shemeji akatumiwa picha.

"Kazi safi, shemeji. Ila besi hutazama kutoka chini. Anaona tumbo tu."

Tumbo lilikuwa mbao tupu.

Kabla ya kufunga ndoana, alijaribu kurusha uani. Mrusho wa kwanza ulishusha kitenge kwenye kamba ya nguo. Wa pili ulitua mbele ya jogoo wa jirani, ambaye hakupenda yale macho. Alimvamia chura, akamburuta hadi migombani.

Hatimaye Naivasha, alfajiri, maji yametulia kando ya mafunjo. Seremala akarusha, akangoja viduara vya maji vifutike, akavuta kidogo. Pwa! Akatulia. Pwa! Maji yakalipuka! Alivuta kwa nguvu zake zote, chura akachomoka, akapaa na kunasa kwenye kofia ya shemeji.

Besi hufyonza chambo pamoja na maji. Ukivuta kwa kusikia mshindo, unampokonya kabla hajafumba mdomo.

"Shemeji, unavua kwa masikio," mwenyeji alisema akichomoa ndoana. "Ngoja usikie uzito."

Mara ya pili na ya tatu hakungoja. Ya nne alingoja kweli, uzito ukaja, akapambana nao dakika nzima na kupandisha fungu la magugu maji.

Leo chura ananing'inia karakanani, Mtae. Wateja wakiuliza amevua nini, seremala hujibu: kitenge kimoja, kofia moja na jogoo. Jogoo mwenyewe hupita mlangoni kila asubuhi, husimama, humkodolea chura macho.