Namna ya Kununua RAV4 Iliyokula Chumvi Nyingi

Nenda alfajiri. Patana na muuzaji siku, usipatane naye saa, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla hamjamaliza salamu. Injini iliyolala usiku kucha husema yote: mlio wa cheni ya taimingi sekunde za mwanzo, moshi wa buluu wa oili iliyochuruzikia kwenye silinda, mtetemo wa injini inayotafuta pa kutulia. Muuzaji mwenye la kuficha analijua hilo, ndiyo maana utakuta gari limeoshwa, dashibodi inateleza kwa mafuta, na injini imeshapashwa moto. Likiwa la moto, mwambie utarudi kesho. Kisha urudi kweli, na uwahi zaidi.

Gari lenyewe ni Toyota RAV4. Nimelichagua kwa sababu kuanzia Mbagala hadi Kitengela, fedha za kikoba, mkopo wa SACCOS na kiinua mgongo cha mwalimu mstaafu vinaishia humo. Kizazi cha kwanza kilitoka 1994, cha pili 2000, cha tatu mwishoni mwa 2005. Yote matatu ni magari mazuri, na sifa hiyo ndiyo inayoyaua: watu wakishaamini kwamba Toyota haifi, hakuna anayebadilisha oili ya gia, hakuna anayenunua kulanti, na gari la miaka 20 linaendeshwa hadi siku litakapogoma Kibaha likiwa na abiria sita.

Anza na umri. Dar es Salaam tunapima umri wa gari kwa namba: hili namba C, hili namba D, na bei inapanda kwa herufi. Herufi ile inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. RAV4 iliyoundwa 2003 ikaingia nchini 2016 ina namba D na mifupa ya 2003. Kenya, ambako gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane, pengo ni dogo lakini lipo. Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho. Chini kabisa kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Fanya hivyo kwa mikanda yote. Mmoja ukiwa na tarehe ya peke yake, uliza ule wa zamani ulikwenda wapi, na muuzaji akianza kusimulia habari nyingine, kagua bodi upande huo kwa makini: huenda gari lilishagongwa.

Kisha soma kibati cha namba ya fremu. ACA21W ni lita 2.0 inayovuta magurudumu manne. ZCA26W ni lita 1.8 inayovuta mbele tu. ACA31W na ACA36W ni kizazi cha tatu, lita 2.4. Herufi hizi zinakwambia unaoa ugonjwa gani, kwa sababu kila injini ya RAV4 ina ugonjwa wake unaojulikana, na fundi aliyeshika nyingi anaweza kukutajia akiwa amefumba macho.

Kizazi cha kwanza kina injini ya 3S-FE, na ndiyo mnyenyekevu wa ukoo mzima. Inataka mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Hakuna risiti ya mkanda? Hesabu kwamba haujabadilishwa, ubadilishe wiki ya kwanza, pamoja na pampu ya maji ukiwa umeshafungua.

Kwenye 2.0 za kizazi cha pili zilizotoka Japani, fungua boneti utafute maandishi D-4. Ukiyaona, hiyo ni 1AZ-FSE, na hapo nakuomba utulie, maana ndipo wengi wanapolia. Injini hii inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Inaokoa mafuta, ndiyo, ila petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa kuziosha. Mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kwenye injini vinaganda pale, mwaka baada ya mwaka, hadi masizi yanabana njia ya hewa. Gari linaanza kutetemeka kwenye foleni, linazimika ukikanyaga breki Ubungo, linakosa nguvu mlimani. Fundi wa haraka atakwambia injini imekufa, akupeleke Gerezani kununua nyingine ya mtumba, ambayo nayo ina masizi yaleyale. Dai kwanza ifunguliwe koo ya hewa, vali ya EGR na manifoldi, visafishwe, plagi na koili zipimwe. Ni kazi ya siku moja au mbili, na imerudisha uhai wa magari yaliyokwishakatiwa tamaa.

Ugonjwa mbaya zaidi wa D-4 uko kwenye pampu ya mafuta ya shinikizo. Sili yake ikichoka, petroli inavuja na kushuka ndani ya oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Nusa. Oili ikiwa imezidi alama ya juu na inanuka petroli, funga boneti, mshukuru muuzaji, panda bodaboda. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi hata kwa siku moja, na hujui imekuwa hivyo kwa muda gani.

Injini ya 1.8, yaani 1ZZ-FE, na ile ya 2.4, 2AZ-FE, zina tabia ya kula oili. Sababu iko kwenye pistoni: matundu ya kurudishia oili kwenye ringi ya chini ni madogo au machache, yanaziba, oili inabaki juu na kuungua. Kwa 2AZ-FE, Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana Marekani kwa baadhi ya magari na kubadilisha pistoni na ringi. Gari linalokula oili unaweza kuishi nalo miaka mingi kwa sharti moja: pima oili kila Jumamosi, kabla hujaliosha. Anayeziua injini hizi ni dereva anayesubiri taa nyekundu ya oili. Taa ile inawaka shinikizo likishakwisha. Ukiiona, zima gari hapo hapo, hata kama nyumbani kumebaki mita mia mbili.

Injini zote za jamii ya AZ, 1AZ na 2AZ, zina jambo jingine ambalo muuzaji hatalitaja. Bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi za boliti zinazoshika silinda hedi, hasa za upande wa nyuma unaotazama kabini, zinaweza kung'oka. Hedi inalegea, kulanti inatoka kidogo kidogo, injini inachemsha. Chukua tochi, chungulia nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku. Ukoko mwekundu au wa waridi ni kulanti iliyokauka. Kubadilisha gasketi peke yake ni kutupa fedha. Nyuzi lazima zichimbwe upya na kuwekewa vishikizo vya chuma, na si kila gereji inaweza.

Hapa nina ugomvi wa dhati na desturi yetu ya kung'oa themostati. Fundi akiliona gari linachemsha, anaitoa, anasema nchi yetu ni ya joto haiihitaji, kisha anajaza maji ya bomba. Themostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ikikosekana, gari linakunywa mafuta, masizi yanaongezeka, na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale kikingoja safari ya Arusha. Maji ya bomba nayo yanaila aluminiamu na kuziba rejeta. Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi tu. Ukikuta maji ya rangi ya udongo, punguza bei kwa thamani ya rejeta, pampu ya maji na themostati, na uwe mkali.

Gia. Ya kizazi cha pili ni otomatiki ya hatua nne na inataka oili ya aina T-IV. Kizazi cha tatu kutoka Japani kina CVT, na CVT inataka oili yake, si nyekundu yoyote iliyopo dukani. Fundi akikwambia "hydraulic ni hydraulic", huyo si fundi wako. Likiendeshwa likiwa baridi lisigonge kuingia D wala R. Likigonga, usikubali gia boksi ishushwe kabla kompyuta ya injini haijapimwa: Marekani, RAV4 za 2001 hadi 2003 zilikuwa na kompyuta mbovu zilizofanya gia zigonge, na Toyota ikaongeza dhamana ya kompyuta hizo. Watu walikuwa wakibadilisha gia boksi nzima kwa kosa la kisanduku.

Lala chini. Vaa nguo usizozionea huruma, kwa sababu kinachoonekana toka juu kimepakwa rangi. Magari yaliyoishi Japani kwenye mikoa ya theluji yamemwagiwa chumvi ya barabarani miaka mingi, na yakija kuishi Tanga, Mombasa au Unguja upepo wa bahari unaendeleza kazi. Gonga chesisi kwa bisibisi. Mlio mkavu ni mzuri. Bisibisi ikizama, ondoka. Tazama mikono ya saspensheni ya nyuma kwenye kizazi cha tatu: mwaka 2012 Toyota iliyaita magari ya 2006 hadi 2011 Marekani kwa sababu nati zisipokazwa vizuri baada ya alaimenti, nyuzi zinapata kutu na mkono unaweza kuachia. Na kama ni ya magurudumu manne, tairi zote ziwe za saizi moja na zilizolika sawasawa. Tairi mbili mpya mbele na vipara nyuma zinaichosha kapulingi ya katikati kila kilomita.

Usiruke mikanda ya nyuma. Mwaka 2016 Toyota ilitangaza duniani kote kwamba kwenye RAV4 za kizazi cha tatu, ajali kubwa inaweza kuukatia mkanda wa nyuma kwenye fremu ya chuma ya kiti, na dawa yake ni kifuniko cha plastiki tu. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa kwenye Toyota nyingi za miaka ile, baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, na pwani yetu ina vyote viwili. Tovuti ya Toyota ya Japani inakuruhusu kuingiza namba ya fremu na kuona kama gari lina matengenezo ya namna hii. Wanaokaa nyuma ni watoto wako. Fanya hili hata kama umeshachoka na jua limekuwa kali.

Fundi wa kukagua mlipe wewe, na asiwe aliyeletwa na dalali, kwa kuwa huyo ana chake kwenye mauzo. Dalali atakuambia AC inataka gesi tu. Kata bei ya kampresa, na kama kweli ni gesi, muuzaji ataijaza mbele yako kwa furaha. Atakuambia gari ni la mama mmoja, linaenda kanisani Jumapili. Hilo lichunguze zaidi kuliko la teksi: injini inayotembea kilomita tatu kwa wiki haipati joto la kutosha kukausha maji na petroli kwenye oili, na utakuta tope chini ya mfuniko wa kujazia oili.

Mkiafikiana, usitoe akiba yote. Bakiza fedha za oili ya injini na filta, oili ya gia, kulanti, plagi, mikanda, breki na tairi, na uzitumie wiki hiyohiyo, kabla ya redio mpya na vifuniko vya viti. Hakikisha deni la faini limelipwa na kadi imehamishwa jina kabla muuzaji hajabadilisha laini ya simu. Na mlango wa nyuma, ule uliobeba tairi ya akiba, uinue kidogo kabla ya kuufunga. Bawaba zake zimebeba uzito huo miaka 20.