Kuku Mzima Hataki Maji

Adui wa kuku wa kuoka ni maji. Wengine husingizia moto, wengine mkaa, wengine shemeji aliyetokea bila taarifa. Ni maji! Hayo hayapandi kupita nyuzi 100 kabla ya kugeuka mvuke, na ngozi ya kuku huanza kuwa ya dhahabu ikikaribia nyuzi 140. Kuku aliyelowa basi anaanza kwa kuchemka. Anayetaka supu na apike supu, ni chakula cha heshima, ila asiwaite watu kuja kula kuku wa kuoka.

Tafuta broila wa kilo moja na nusu. Najua utaruka: kuku ni wa kienyeji! Kwa utamu, ndiyo. Lakini jogoo aliyezunguka mtaa mzima, akapigana na kila jogoo wa jirani, ana misuli inayodai tangawizi na saa nyingi sufuriani. Ukimtia kwenye oveni kavu atatoka mgumu, nawe utailaumu oveni bure.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa familia: kumwosha. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema kuku aliyesafishwa tayari asioshwe, maana maji yanayoruka hubeba bakteria kama salmonela hadi kwenye vyombo na kachumbari. Nawaunga mkono kabisa. Shangazi hatakubali, atadai limau na unga, na shangazi habishiwi. Basi mwombe aoshe taratibu ndani ya beseni, mbali na sahani, kisha beseni na meza visafishwe kwa sabuni. Wewe chukua karatasi za jikoni umfute huyo kuku. Nje, ndani, chini ya mabawa, kwenye mikunjo ya mapaja. Ukidhani umemaliza, futa tena.

Mpake chumvi vijiko viwili vya chai, mlaze kwenye friji usiku kucha bila kumfunika, rafu ya chini kabisa asije akadondoshea vyakula vingine. Chumvi itavuta maji nje, kisha maji hayo yatarudi polepole yakiwa na chumvi ndani yake, na ngozi itabaki kavu. Hakuna masala ya dukani yanayoweza kufanya kazi hii. Kwa hiyo kesho yake chukua siagi, kitunguu saumu na pilipili manga, sukumia chini ya ngozi ya kidari, tia limau tumboni, halafu rudisha kabatini zile pakiti tano za masala. Zote tano.

Oveni iwe nyuzi 220 kwa dakika 20, kisha 180 kwa dakika kama 50. Huna oveni? Waliooka mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini hawakuwa nayo pia. Sufuria nzito, vipande vinene vya kitunguu chini ya kuku, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ngozi ikibaki laini, mmalizie kwenye wavu.

Harufu ikishatoka, kila mtu atataka kufunua aone. Wakatalie, maana joto likitoka linachukua muda kurudi. Wape kazi: huyu akune nazi, yule akate vitunguu, mwenye maneno mengi aende kununua barafu.

Kuku ameiva kipimajoto kikisoma nyuzi 74 penye unene wa paja, bila kugusa mfupa. Kipimajoto ni bora kuliko kubahatisha kwa rangi, kinunue. Kisha mwache apumzike dakika 15, asiguswe, hata watoto wakilia. Akikatwa mapema, utamu wote unamwagika kwenye ubao.

Firigisi uliitoa mwanzoni, ukaibanika pembeni. Nyumba nyingi humwekea baba. Mimi nasema ale mpishi, palepale jikoni, ikiwa ya moto, kabla sahani hazijapangwa.