Sifa za Wino Uvujao

Kati ya fadhila zilizonyimwa sifa zake, kuvuja kwa kalamu ya wino hakuna mfano, hasa kuvuja kwa kalamu ya kujijaza, yaani ile isiyotumia kijibomba cha wino cha kununuliwa na kutupwa, bali yenye pampu yake tumboni, iwe pistoni ya kuzungushwa au mfuko wa mpira wa kubinywa, na ambayo hufyonza wino moja kwa moja kutoka chupani.

Kuvuja ni mwalimu wa fizikia asiyedai mshahara. Nafasi ya wino uliokwisha kutumika hujazwa na hewa, na hewa hiyo, ikipashwa joto na kiganja au kifua cha mwenye shati, hutanuka na kuusukuma wino upite kwenye ulimi, yaani kipande chenye mifereji myembamba kinachokaa chini ya nibu. Hivyo karani aliyesinzia siku ya somo la gesi hulipata somo hilo upya, tena kwa rangi. Ndegeni somo huwa refu zaidi, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri ndege inavyopaa. Ni kweli kwamba kidole chenye wino hakiheshimiwi ila siku ya kupiga kura, lakini kosa hilo ni la jamii, si la kalamu.

Wavumbuzi nao wana deni lao. George Parker wa Janesville, Marekani, alipata hataza mwaka 1894 kwa ulimi uliopindwa mwishoni, ili uguse ukuta wa kalamu na kuurudisha wino tumboni kalamu isimamapo mfukoni. Kalamu za pistoni zilizotolewa na Pelikan ya Ujerumani kuanzia mwaka 1929 ziliziba wino kwa gome lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo, ambalo likikauka husinyaa, wino ukapenya nyuma ya pistoni. Kwa hiyo kalamu iliyotelekezwa sandukuni ilikuwa na njia ya kudai haki yake.

Wasio na shukrani hujikinga na neema hii. Huijaza kalamu pomoni ili hewa isipate makao, huibeba nibu ikitazama juu, hudondosha matone machache chupani baada ya kuijaza na kuifuta nibu kwa kitambaa, na pistoni ikianza kukwama huipaka grisi ya silikoni, kidogo mno, wakiepuka mafuta ya kujipaka mwilini yanayotokana na petroli, ambayo huuharibu mpira. Waliozidi ukaidi hutafuta Onoto, kalamu iliyoletwa sokoni na De La Rue ya London mwaka 1905, ambayo mpini wake ukikazwa hufunga kabisa njia ya wino. Haivuji, ila mwenye kusahau kuulegeza huandika mistari michache tu, kisha nibu ikamkaukia katikati ya sentensi, shati likiwa safi kabisa.