Namna ya Kuchelewa kwa Makusudi Nyandungu

Umeamua kwenda kutembezwa Nyandungu, bustani ya ardhi oevu iliyo mashariki mwa Kigali. Hongera! Ina hekta zaidi ya 120, na njia za waenda kwa miguu na baiskeli zinafika kilomita 10 hivi. Mwenye haraka anaweza kuzimaliza asubuhi moja, akarudi nyumbani na jasho tu. Wewe usiwe yeye. Fuata hatua hizi.

1. Chagua viatu visivyokutia wasiwasi. Mwenye viatu vyeupe hutazama chini safari nzima, na ndege wako juu. Maji ya kunywa beba. Mfuko wa plastiki uache, maana Rwanda iliupiga marufuku tangu mwaka 2008.

2. Amka mapema. Asubuhi ndege wanakula na kuitana. Saa sita mchana utawakuta watalii wenzako tu, na hao hata mjini wapo.

3. Mwache kiongozi atangulie. Kila kundi lina mjuaji wake. Ukihisi ni wewe, shika darubini kwa mikono miwili na uangalie mbali mpaka hamu ya kusema ikuishe. Kiongozi amepita hapa masika na kiangazi, na anajua tete lipi limebeba kiota. Muulize palivyokuwa zamani. Atakueleza jinsi shughuli za watu zilivyoliharibu bonde hili, jinsi miti na mimea ya asili ilivyopandwa upya kwa maelfu, hadi milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 2022.

4. Kwenye mafunjo, simama. Gusa shina taratibu: lina pembe tatu. Sasa fikiria mvua ya Kigali. Maji yanashuka vilimani kwa kasi, mekundu kwa udongo, yamezoa na uchafu wa barabarani. Yakifika kwenye mimea iliyosongamana, yanapunguza mwendo. Udongo unatua chini, mizizi na vijidudu vinafanyia kazi sehemu ya uchafu, na mabwawa yanazuia maji yasiwafikie watu wa chini yote kwa mpigo. Kazi yote ya kinamasi ni kuyachelewesha maji. Basi nawe tembea kama maji yaliyofika kwenye mafunjo.

5. Mpe mnana muda wako. Dume hukata ukingo wa jani kwa mdomo, akaruka nao, na ukanda mwembamba ukachanika kumfuata. Anausuka tawini, anarudi kuchukua mwingine. Jike huja kukagua. Asiporidhika, huondoka, na dume anaweza kukibomoa kiota na kuanza upya. Hapa ndipo yule jamaa anayehesabu hatua kwenye simu ataanza kulalamika. Mpishe aende, mtakutana getini, naye hatakuwa na la kusimulia.

6. Korongo mwenye taji mpige picha kwa mbali. Ukitaka kumwona vizuri, nenda Umusambi Village, palepale Kigali. Wengi wa korongo wanaotunzwa pale waliokolewa kutoka kwenye majumba na mahoteli walikofugwa kama mapambo, na wamelemaa mabawa kiasi cha kutoweza kurudi porini. Ukimwona mmoja akitembea majanini bila kuruka, hamu ya kufuga ndege wa porini itakutoka.

7. Kabla ya kuondoka, uliza maji yanaelekea wapi. Jibu litakugusa popote unapoishi, maana maji ya kila mji hutafuta bonde. Kigali ilitambuliwa mwaka 2022, chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, kuwa miongoni mwa miji inayojali ardhi oevu. Wakati huohuo, miji yetu mingi bado inafukia mabonde yake kwa kifusi, kisha inashangaa maji yakiingia sebuleni. Aliyewahi kukwama kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

8. Ukifika kwako, litafute bonde la mtaani. Lipo, huenda limefunikwa na takataka. Nenda na watoto na jirani mmoja mwenye subira, mkahesabu ndege waliobaki. Siku lori la kifusi likifika, muwe watu wanaoweza kusimama mbele ya kikao cha mtaa na kutaja, kimoja kimoja, kinachokwenda kufukiwa.