Heko kwa Kifaa Kisichojaribiwa

Katika zama hizi za shaka, ambapo mwana humdai baba yake risiti na mgonjwa humhoji daktari, bado zipo karakana ambamo imani haijafa. Nimezizuru kwa miaka, kuanzia Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi yetu tangu 2019, hadi Muyinga, kwenye barabara iendayo mpakani Kobero. Kila nilikofika nilikuta kitambuzi cha gesi kikining'inia kwenye mkanda wa fundi, taa yake ya kijani ikimetameta, na hakuna mtu aliyewahi kukiuliza chochote. Nakiri kwamba machozi yalinilengalenga.

Msomaji asiye wa viwandani huenda hajui tumeepushwa na uchokozi gani. Vitabu vya watengenezaji vinadai kwamba kila asubuhi, kabla ya mtu kuingia shimoni au tangini, kifaa kishtuliwe: kipuliziwe gesi kidogo ambayo kipimo chake kinajulikana, tuseme sehemu 25 kwa milioni za salfidi ya hidrojeni na 100 za monoksidi ya kaboni, ili ionekane kama kitalia. Kazi yenyewe haifiki dakika moja. Lakini dakika moja kila siku ya kazi ni saa tano kwa mwaka, na muungwana ana mengi ya kufanya kwa saa tano.

Licha ya muda, kuna suala la adabu. Kumpulizia sumu usoni mtumishi mwenzio ili uone kama yu macho ni malezi ya wapi? Wahenga walikwisha kutoa hukumu: mnyamaa kadumbu, na debe tupu haliachi kuvuma. Sasa kitambuzi kinachopiga kelele kila alfajiri, hata shimoni hakijashuka, kina tofauti gani na debe?

Tena gesi hiyo ya majaribio hutoka mbali. Huja katika chupa ndogo, imelipiwa kwa fedha za kigeni ambazo kila Mrundi anajua zinavyopatikana, ikapandishwa lori na kuvushwa Kobero pamoja na saruji na mafuta. Karakana moja ya Muyinga, iliyonipa heshima ya kuikagua, imeiweka chupa yake kabatini chini ya kufuli mbili, na ufunguo uko kwa mhasibu. Haijafunguliwa tangu iwasili. Tarehe ya mwisho wa matumizi imekwisha kupita, nayo imejaa vilevile kama ilivyotoka kiwandani. Ni wangapi wanaoweza kutunza mali ya kampuni kwa kiasi hicho?

Wala asiseme mtu kwamba kifaa chenyewe kimetelekezwa. Hapohapo nilimwona kijana akikisugua kwa dawa ya kung'arishia dashibodi za magari, ile yenye silikoni, mpaka kikameremeta kama kiatu cha bwana harusi. Wataalamu wenye wivu hunong'ona kwamba mvuke wa silikoni huiharibu ile shanga ndogo ya ndani, ambayo huzidi kupata moto inapoguswa na methani, na kwamba shanga ikishaharibika kifaa huonyesha sifuri hata kikizama katikati ya gesi. Sifuri! Ni mkurugenzi gani asiyeomba usiku na mchana aletewe ripoti yenye sifuri?

Maumbile yenyewe yanakubaliana nasi. Salfidi ya hidrojeni ikiwa kidogo hunuka mayai viza. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa. Maana yake ni kwamba pua ya binadamu, kadiri jambo linavyokuwa zito, ndivyo inavyojizuia kulisema. Kitambuzi chetu kimesoma kwa mwalimu huyohuyo. Na ndugu zetu wa Goma wana yale wanayoyaita mazuku, mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini bila rangi wala harufu. Mbuzi huingia akifuata majani, asitoke. Mazuku nayo hayana desturi ya majaribio: kazi yake huifanya mara moja tu, kwa ukamilifu.

Kwa haki, nimtaje pia ndege kanari, aliyeshushwa katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza mpaka serikali ilipoanza kumstaafisha mwaka 1986 na kuleta vifaa vya umeme. Kanari alikuwa mtumishi mwema, ila alikuwa na kasoro isiyosameheka: ilibidi awe hai asubuhi ndipo aaminiwe. Mchimbaji alimtazama akirukaruka kitunduni, na huo ulikuwa mtihani tosha, bila chupa wala daftari. Ndege aliyekufa hakuweza kuendelea kuwasha taa ya kijani. Sayansi imetuondolea udhaifu huo.

Utamaduni huu wa kutojaribu haukuishia kwenye gesi. Fundi wa kizamani, asiyejiamini, huiwasha mota na kuizima papo hapo kabla ya kuiunganisha na pampu, apate kuona mhimili unageukia wapi. Hofu yake ni kwamba katika mota ya fezi tatu, nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mhimili huzunguka kinyume. Mafundi ninaowahusudu huunganisha kwanza, hukaza bolti zote, hupaka rangi, hupiga picha ya ukumbusho, kisha huwasha.

Nimeshuhudia matunda yake katika kituo kimoja cha kuoshea kahawa, kwenye vilima vya Gitega. Umeme ulikatika, laini ikatengenezwa, nyaya mbili zikarudishwa kwa mpangilio mpya, na pampu ya maji ikazunguka kinyume msimu mzima. Hekima ya pampu hizi za pangaboi ni kwamba hata zikizunguka kinyume hutoa maji upande uleule, ila machache. Kwa hiyo hapakuwa na fedheha ya bomba kavu. Palikuwa na upungufu tu, na upungufu ni jambo linalojadilika. Uliitishwa mkutano wa kwanza, wa soda na mishikaki, ambamo kijito kinachotiririkia Ruvubu kilituhumiwa kwa uvivu. Mkutano wa pili uliyalaumu mabadiliko ya tabianchi. Wa tatu ulilaumu mikaratusi ya jirani, ukaunda kamati yenye posho. Wakati huohuo kahawa ililala matangini kupita desturi, ikajipatia ladha ya uchachu ambayo mnunuzi aliitambua kwa mnuso wa kwanza, akaitajia bei yake maalumu. Hatimaye ilinunuliwa pampu kubwa zaidi. Ikafungwa kwenye nyaya zilezile.

Ingekuwaje kama fundi angeiwasha mota kwa nusu sekunde na kutazama? Kamati isingezaliwa.

Kuna na wale wanaotaka mashine ipigwe nyundo, kihisi kikiwa kimebandikwa ubavuni, wasikie inavyoitikia. Wanadai kila mtambo una mtetemo wake wa asili, na kwamba mtetemo huo ukilingana na mwendo wa mota, tuseme mizunguko karibu 1,500 kwa dakika, bolti hulegea na msingi hupasuka. Mimi ni mtu wa Gitega. Hapo Gishora, kilomita chache kutoka mjini, ndiko kwenye ngoma za kifalme, na tangu 2014 UNESCO inaitambua ngoma yetu kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ngoma ya mti wa umuvugangoma hupigwa ili iseme ilicho nacho. Ni anasa ya ngoma hiyo, na sioni sababu ya kuipa mota heshima ya kifalme.

Nguzo ya yote haya ni daftari. Jumatatu asubuhi msimamizi hutia alama za vema za juma zima, na mwenye bidii hufika mwisho wa mwezi kabla chai haijapoa. Mwandiko mmoja, kalamu moja, matokeo yasiyoyumba. Nimeona kitambuzi kilichofaulu mtihani siku tisa mfululizo kilipokuwa Bujumbura kwa fundi, kikiwa kimefunguliwa vipande. Kifaa cha kawaida kisingeweza.

Nawe msomaji usijitenge, maana najua tu wamoja. Tairi lako la akiba limekaa chini ya gari miaka minne bila kuguswa, na kila safari ya Muyinga unalitaja kwa fahari. Usiku wa baridi unaiingiza mbabula ya makaa chumbani, unafunga dirisha, unalala ukimtegemea jirani ambaye amefanya vivyo hivyo miaka yote na jana alionekana sokoni. Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuamini kitu kwa sababu tu hakijasema lolote. Wengi huona haya kukiri, nami nawaombea wapone haya hiyo.

Kesho alfajiri naelekea Muyinga tena. Kuna shimo la maji machafu ya kahawa, maganda yameozea humo tangu msimu uliopita, na vijana wawili watashuka kulizibua. Kitambuzi kimeng'arishwa. Chupa iko salama kwa mhasibu. Daftari limenifikia jioni hii likiwa limejazwa hadi Desemba, nimelitia saini kila ukurasa, na nimeahidi kuwa pamoja na vijana hao mwanzo hadi mwisho: nitasimama ukingoni juu, upande upepo unakotokea, nikiwashikia daftari.