Shujaa wa Kutumwa

Kwenye gemu la The Witcher 3 kuna bibi kizee anayesimama nje ya kibanda kimoja kijijini White Orchard, amevimba kwa hasira. Unamwendea ukiwa Geralt, muuaji wa madubwana kwa ujira, nywele nyeupe, panga mbili mgongoni: ya chuma ya kukatia watu, ya fedha ya kukatia mazimwi. Unategemea akuambie mjukuu wake kaliwa. Bibi hana habari na mazimwi. Anataka kikaango chake. Kimefungiwa mle ndani na mlango haufunguki. Basi bingwa mzima anaubomoa mlango kwa uchawi, anaingia, anatoka na kikaango, anakabidhi kwa adabu zote.

Maoni yangu, ambayo yameshanigombanisha na marafiki kadhaa, ni kwamba kikaango hicho ndicho gemu lenyewe. Mengine ni mapambo. Kwenye kava za magemu ya aina hii wanakuchorea joka linalotema moto na dume lenye kifua kama mlango wa benki. Ukishafungua unakuta umeajiriwa utarishi. Peleka barua. Leta mizizi. Nenda kamwulize fundi kwa nini hajaleta misumari. Katika The Witcher 3 hilohilo mganga mmoja wa kule Velen anakutuma ukamtafutie mbuzi wake aliyepotea, na mbuzi huyo hafuati mtu mpaka apigiwe kengele. Mimi, ambaye nikitumwa nyanya gengeni huanza kwanza kuuliza wengine wote nyumbani wana kazi gani, nimezunguka msitu mzima usiku nikigonga kengele mbele ya mbuzi, mbwamwitu wananifuata, na moyoni nina furaha tele.

Hata hivyo The Witcher 3 nalipa heshima yake. Wapolandi wa CD Projekt Red waliolitoa mwaka 2015, wakitumia ulimwengu wa vitabu vya Andrzej Sapkowski, walijua kutuma. Ukitumwa kikaango, nyuma ya kikaango kuna maiti, na nyuma ya maiti kuna kisa. Lawama yangu ni moja tu. Binti wa kulea wa Geralt anawindwa na jeshi la wapanda farasi wa kutisha, dunia inakaribia kuganda kwa barafu, na huyu mzee kila akikutana na mwenye duka anaketi kucheza karata. Ningekuwa mama wa mtoto ningekwenda ustawi wa jamii.

Lakini kwa uzembe wa namna hiyo, wazee wetu ni Final Fantasy VII, la mwaka 1997. Kule adui ameita kimondo kije kuiangamiza dunia. Kimondo kimeshafika, kinaning'inia angani, chekundu, kila mtu anakiona. Na wewe mkombozi uko zizini unazalisha ndege wa kupanda, jike hili na dume lile, ukisubiri kifaranga cha rangi ya dhahabu. Unaweza kukaa huko utakavyo. Kimondo kina adabu. Kitasubiri umalize ufugaji.

Mapenzi yangu kwa magemu haya yalianzia mahali pabaya kwayo: banda la PlayStation la mtaani. Banda lilikuwa milki ya mpira. Unalipia muda, mnakaa wawili kwenye benchi, mnafungana mabao, aliyefungwa anapisha. Mtu wa magemu ya hadithi alionekana mgonjwa. Anakaa peke yake, anasoma maandishi ya Kiingereza kwa sauti ya chini, na muda wa kulipia unamwishia akiwa bado anaongea na mwenye duka la dawa.

Nilikuwa na GTA: San Andreas, na kumbukumbu zangu zote zilikaa kwenye memori kadi ya banda, ile ya megabaiti 8, ambayo ilikuwa mali ya umma kama bomba la maji. Watu huliita San Andreas gemu la vita na magari. Mimi nasema ni gemu la malezi. Shujaa wake, CJ, akila ovyo ananenepa, asipokula anakonda, asipokwenda jimu misuli inayeyuka. Nilimlea nikamtoa kijana mwembamba nikamfikisha mwanaume wa shoka, ana nyumba, ana heshima mtaani. Siku moja nakuta kadi imejaa, na mwenye banda amefuta faili moja ili mteja wake wa ligi ya mpira apate nafasi. Nadhani hamhitaji kuambiwa faili lipi. Nilipolalamika akanijibu kwa upole wa mtu anayefariji: "Si unaweza kuanza tena, mdogo wangu? Mwenzako alikuwa nusu fainali."

Nikaanza tena, juu ya baiskeli, nikirudi Grove Street, mtaa wa CJ, mikono mitupu. Na kuanza tena maana yake ni kupita tena misheni ya treni. Aliyewahi kuicheza anajua. Wewe unaendesha pikipiki sambamba na treni, nyuma umempakia Big Smoke, mtu mzito kama jina lake, naye kazi yake ni kuwapiga risasi maadui walio juu ya mabehewa. Anapiga mawingu. Treni ikishawaponyoka, anakugeukia wewe dereva na kukulaumu. Baadaye nilipoajiriwa nilikutana naye katika kila ofisi, ila huko hapandi pikipiki, anaongoza kikao.

Skyrim lilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na watu hulisifia majoka. Majoka ya nini? Skyrim ni gemu la mizigo. Unaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300, na ukizidisha hata kwa kijiko kimoja, wewe uliyezaliwa na roho ya joka, ambaye sauti yako peke yake inarusha watu kwenye genge, huwezi tena kukimbia. Unatambaa. Na ndani ya mfuko kuna nini? Jibini. Vikombe. Vitabu ulivyosema utavisoma. Helmeti za marehemu. Halafu unapewa msaidizi, Lydia, mwanamke shujaa aliyeapa kukulinda, nawe unamgeuza stoo. Anakubali kubeba, lakini sikiliza sauti yake anavyokubali. Hiyo sauti naijua. Ndiyo ya mke wangu nikimwomba anishikie funguo, simu, pochi na chupa ya maji kwa kuwa mkoba wake "una nafasi."

Jambo moja sitaacha kulitetea kwa faida ya Skyrim: ni gemu pekee nililocheza ambalo ukimvika mwenye duka ndoo kichwani haoni kitu, na unaweza kumwibia bidhaa zote huku amesimama wima kaunta kama kawaida. Watengenezaji wanaweza kuliita kosa. Mimi naliita sera ya uchumi.

Baldur's Gate 3 la mwaka 2023 ni kazi ya Wabelgiji wa Larian, na walichukua tuzo kwa haki. Ila linataka umeme wa uhakika na mtu asiye na wasiwasi wa pua. Kabla hujacheza unatengeneza sura ya mhusika wako: nywele, macho, sauti. Jioni yangu nzima ilikwenda kwenye uso. Nilipomaliza, nikiwa nimempata kijana mtanashati mwenye huzuni kidogo, umeme ukakatika. Uliporudi, kijana hakuwepo duniani. Wa pili nilimtengeneza kwa dakika mbili, ana pua ya kuazima, na ndiye niliyemaliza naye gemu. Kila akitaka kumshawishi mtu inarushwa dadu ya pande 20, na ikiangukia 1 umeshindwa, hata kama ulichoomba ni kupishwa mlangoni.

Sasa nifike kwa Elden Ring. Hili lilitoka Februari 2022 chini ya Hidetaka Miyazaki, na historia ya kale ya nchi yake iliandikwa na George R. R. Martin. Kisha historia hiyo ikakatwakatwa vipande na kufichwa kwenye maelezo ya hirizi, viatu na kofia za chuma, ili mtu asije akaelewa kwa bahati mbaya. Humo hakuna anayekutuma kitu cha kueleweka. Unaonyeshwa mwali hafifu wa dhahabu unaoelekea upande fulani, basi, nenda kafe. Ukifa, fedha yako yote inabaki pale ulipoangukia. Ukirudi kuichukua ukafa tena njiani, imekwenda. Na halina kitufe cha kusimamisha mchezo.

Kasoro hiyo ya mwisho Wajapani huenda hawaioni. Sisi tunaoishi kwenye nyumba zenye mlango wazi tunaiona. Nilikuwa kwa Margit, yule mzee mwenye pembe, mkia na fimbo anayelinda njia ya kuingia ngome ya Stormveil. Uhai wake ulikuwa umebaki kidogo sana. Mlangoni ikasikika, "Hodi wenyewe!" Ni mama mkwe, kutoka Tanga.

Mama mkwe hasalimiwi huku umetazama televisheni. Nikaweka pedi mezani, nikasimama, nikainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo humu? Kazi? Watoto? Mvua je, huku inanyesha?"

Salamu za Tanga hazina njia ya mkato. Nyuma yangu nilisikia fimbo, kishindo, fimbo tena, na ule mlio mzito ninaoujua. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, akavaa miwani na kusoma maandishi mekundu yaliyojaa kwenye kioo.

"Nani amekufa?"

"Ni mimi, mama."

"Pole. Na hawa wamekuandika hivyo hadharani?"

Akaomba chai, akaketi, akasema niendelee, asiwe yeye wa kunikatizia kazi. Nikaendelea. Nikafa. Nikarudi kufuata fedha yangu, nikafa kabla sijaifikia. Alitazama kwa umakini wa mtu anayesahihisha madaftari, kisha akauliza, "Kwani lazima upite kwa huyu bwana? Hakuna njia nyingine?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba huyu ndiye mlinzi wa lango, mama, bila yeye hakuna safari. Akasema haya, akanywa chai yake.

Ipo. Pembeni ya ngome ile, ukingoni mwa korongo, kuna kijia kinachoizunguka yote na kukutokezea nchi ya pili bila kupigana na Margit wala bosi aliyemo ndani. Miyazaki alikiweka kwa makusudi na hakumwambia mtu. Tangu hapo msimamo wangu kuhusu Elden Ring ni huu: ni gemu bora kabisa, limetengenezwa kwa ajili ya mama wakwe.

Red Dead Redemption 2 la mwaka 2018 sitalisema sana, kwa kuwa limeniletea maneno nyumbani. Ni gemu la majambazi wa Marekani ya mwaka 1899, lakini jambazi huyo anampiga farasi brashi, anamlisha, anasafisha bunduki kwa mafuta, ananyoa ndevu zinazokua zenyewe. Mke wangu alisimama nyuma ya kochi akaniangalia nikimtoa farasi matope kwa uangalifu mkubwa. Hakugomba. Alisema tu, "Baiskeli ya mtoto nayo ingekuwa humo ndani, ingekuwa inang'aa."

Wanaonibishia nadharia yangu ya utarishi hunitajia God of War la mwaka 2018. Kratos, wanasema, hatumwi na mtu, ameua miungu. Sawa. Na safari yake yote ni ya nini? Mkewe kabla ya kufa aliacha wasia kwamba majivu yake yakamwagwe juu ya kilele kirefu kuliko vyote. Ametumwa! Tena na mke, tena marehemu, ambaye huwezi kurudi kumuuliza kama aliposema "kirefu" alimaanisha kirefu kweli. Njiani mizimu inamwomba vijikazi vidogovidogo, Kratos ananuna, mwanawe anakubali kwa niaba yake. Mzazi gani hajawahi kufanyiwa hivyo?

Na Tales of Kenzera: Zau la mwaka 2024, je? Huyu ni ndugu yetu. Limebuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye sauti yake ndiyo ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, na chanzo chake ni msiba wa baba yake. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, amrudishie baba. Kalunga anajibu nini? Anamtuma. Nenda kaniletee mizimu mikubwa mitatu. Zau anavaa vinyago viwili, cha jua chenye moto na cha mwezi chenye barafu, na kwa mapigano nalipa alama nzuri, ingawa kuna sehemu za kuruka miiba ambazo ziliniharibia Jumapili.

Ajabu yake ni kwamba linaongea Kiswahili. Nililichagulia lugha hiyo kwa fahari, na hapo amani ya sebule ikaisha. Miaka yote nilicheza kwa Kiingereza na hakuna aliyejali Geralt kasema nini. Sasa kila mtu anaelewa, na kila mtu ana ushauri. Shangazi anasema mtoto hafanyi biashara na kifo, alikosa wa kumkanya. Dada wa jirani anauliza mama yake Zau yuko wapi muda wote huu. Nikiangukia miiba wananipigia makofi ya pole, halafu wanamtetea Kalunga kwamba angalau anaongea kistaarabu. Gemu halikuisha mpaka tulipolia wote, na wa kwanza kulia hakuwa mimi.

Tatizo lililobaki ni mwanangu, ambaye ametazama haya yote tangu hajaweza kutembea. Juzi mama yake alimtuma vitunguu.

"Hii ni misheni kuu au ya pembeni?" akauliza.

"Kuu."

"Zawadi yake nini?"

"Kula."

Akafikiri, akavaa ndala, akafika mlangoni, akageuka. "Na nikikuta duka limefungwa, narudia kuanzia wapi?"

"Anzia hapohapo ulipo," akasema mama yake, mwiko mkononi, "na ukichelewa utayaona yale maandishi mekundu."